Nyangumi Chini ya Mlango

Harufu ya gesi ilimfikia Stellamaris kabla hajajua kuwa mlango wa jikoni umefungwa kwa ndani. Akausukuma. Haukwenda.

"Nani yuko humo?"

"Mimi. Nilijificha. Sasa komeo limegoma, Ticha."

Sauti ilikuwa ya Firdausi, binti wa miaka mitano, mmoja wa watoto kumi na wawili aliowalea mchana nyumbani kwake Misugusugu wakati wazazi wao wako kazini. Asubuhi yote walikuwa wakicheza kombolela.

"Kuna giza. Nawasha taa."

"Usiwashe!" Neno lilimtoka kwa ukali. Stellamaris akajilazimisha kushusha sauti. "Usiguse swichi, mama. Njoo ukae hapa chini, mlangoni. Unaona mwanga unaopita?"

"Nauona."

Mlango ulikuwa wa chuma. Dirisha lilikuwa na nondo, na kwa ndani lilipigiliwa mbao tangu walipoibiwa. Swichi kuu ya umeme ilikuwa humohumo jikoni. Kumwambia mtoto apapase gizani afunge mtungi wa gesi hakuthubutu, asije akaufungua zaidi.

Msaidizi wake, Kudra, aliwahamishia watoto wengine kwa jirani, kisha akakimbia barabarani kumwita Melkiori, fundi wa kuchomelea. Melkiori alifika mbio na grenda ya kukatia chuma mkononi. Stellamaris akatikisa kichwa kabla hajaiweka chini.

"Cheche," akanong'ona. "Zunguka nyuma. Fremu ya dirisha ni ya mbao. Ing'oe yote na nondo zake, taratibu."

Akachana karatasi mbili za daftari, akazikata ziwe mraba, moja akaipenyeza chini ya mlango. Akalala kifudifudi, shavu kwenye vigae.

"Ya nini?" Firdausi akauliza.

"Tunakunja nyangumi. Mnyama wa baharini, mkubwa kuliko basi."

"Anakula watu?"

"Hana habari na watu. Kutanisha kona na kona, upate pembetatu. Umepata? Haya, ifungue. Unaona mstari katikati? Sasa ukingo wa huku uje ulale kwenye mstari, na wa kule hivyohivyo."

Nyuma ya nyumba mbao ikalia.

"Nani anagonga?"

"Fundi. Anataka kumwona nyangumi, asimkute hajaisha."

Stellamaris alisikia karatasi ikitoa mchakacho, na pumzi za mtoto zikienda haraka.

"Ticha, kichwa kinaniuma. Na mstari siuoni. Nawasha kidogo tu."

Ndala zikaburuta sakafuni, zikienda mbali na mlango. Hatua moja. Mbili. Stellamaris angepiga kelele, mtoto angeshtuka, na mkono wake labda ulikwisha kufika ukutani.

"Sawa," akasema, kama mtu asiyejali. "Ila mimi wangu bado mkia tu. Nakushinda."

Ndala zikasimama.

"Usimalize," Firdausi akasema. "Ningoje."

Zikarudi. Stellamaris akafumba macho, akayafumbua.

"Kunja ile ncha nene, iingie ndani. Huko ndiko kichwani. Sasa mkunje wote katikati, mgongo uwe juu. Ncha nyembamba iinue, ndio mkia."

"Ameinua mkia." Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu anayesinzia.

"Mpitishe huku nimwone."

Mkia ukatokeza chini ya mlango, ukakwama. Akaushika, akavuta kidogo. Upande wa pili hapakuwa na mkono ulioshikilia.

"Firdausi. Firdausi, mama."

Kisha kule nyuma fremu ikang'oka kwa kishindo, mwanga ukamwagika chini ya mlango, akamsikia Melkiori akikohoa ndani.

"Ninaye!"

Alipozunguka mbio, mtoto alikuwa ameshapitishwa dirishani, amelegea begani kwa fundi. Halafu akatapika kwenye ovaroli la Melkiori, akaanza kulia. Stellamaris hakuwahi kufurahia kilio namna ile.

Kwenye kituo cha afya walimwekea oksijeni. Baada ya saa moja na nusu akafika mama yake, Mwanaamina, karani wa ofisi moja kule Kisarawe, ushungi umemkaa upande. Alimpapasa mwanawe kichwa hadi miguu, kisha akamgeukia Stellamaris.

"Ilikuwaje, Mwalimu?"

Njia nzima Stellamaris alikuwa ameliandaa jibu: mtoto alijifungia mwenyewe. Wala halikuwa uongo.

"Mama Firdausi, harufu ya gesi niliisikia tangu Jumatatu. Kila siku nikasema kesho nitaita fundi."

Mwanaamina akauweka sawa ushungi wake.

"Ungeweza kutoniambia."

"Ningeweza."

"Asante kwa kumtoa salama. Lakini kwako hatarudi."

"Nimekuelewa."

Akatoka nje, akakaa kwenye benchi la wagonjwa. Akatoa simu, akampigia mzazi wa kwanza kati ya wale wa watoto wengine, kumweleza hilohilo la gesi tangu Jumatatu.