Kulima kwa Tumbo

Mkwe wangu, Mama Audolía, ana msimamo mmoja tu maishani: vitunguu saumu viwe ardhini kabla ya sikukuu ya San Juan mwishoni mwa Juni. Wafu watangoja, padri atangoja, kitunguu hakingoji. Juni ile mvua ilinyesha mpaka kuku wakakata tamaa. Mume wangu Rosamel alikuwa kusini kwenye boti ya wapiga mbizi, na bandari zilikuwa zimefungwa kwa dhoruba. Tulibaki wanawake wawili na bustani iliyojaa majani.

Huku kisiwani Lemuy bustani hulimwa kwa luma, yaani miti miwili mirefu iliyochongwa ncha. Mtu mmoja huidunga ardhini kwa kuisukuma kwa tumbo, amejifunga ngozi ya kondoo. Mwenzake hupenyeza fimbo chini yake na kupindua udongo. Kusukuma ni kazi ya wanaume. Lakini Mama Audolía ana nyonga mbovu, kwa hiyo ilikuwa zamu yangu.

Nami nilikuwa na mimba changa.

Sikuwa nimemwambia mtu, hata Rosamel. Mbili za kwanza zilitoka, na Mama mwenyewe ndiye aliyenifunza baada ya ile ya pili kwamba mimba haitajwi mpaka ijitokeze yenyewe, maana wachawi wa kisiwa hiki wana masikio marefu. Wapo wanaosema mficha uchi hazai. Hao hawajaishi Lemuy. Mtoto huyu nilimtaka kuliko kitu chochote duniani, nikafunga mdomo.

"Tumngoje Belarmino, Mama," nilimwambia. Belarmino ni jirani yetu. "Kasema atakuja akimaliza kwake."

"Belarmino! Huyo hata kwenye mazishi yake atachelewa." Akanirushia ngozi ya kondoo. "Au unaogopa baridi, binti wa mjini?"

"Mie wa Puqueldón, Mama. Mji gani huko?"

"Si kuna taa za barabarani? Mjini huko."

Nilicheka, nikajifunga ngozi. Kukataa kungetaka maelezo.

Udongo ulikuwa mzito kwa maji, na juu yake tulikuwa tumemwaga mwani wa ufukweni, unateleza. Nilijaribu kusukuma kwa paja na kwa nyonga, luma zikawa zinaparaza tu. Mama alinitazama. Alifungua mdomo, akaufumba, akainama tena kwenye fimbo yake. Basi nikasukuma kwa tumbo kama wanavyosukuma wanaume.

Katika mstari wa tatu luma ziligonga mzizi wa mti uliokatwa zamani. Ziligoma ghafla, na uzito wangu wote ukanirudia tumboni. Niliona nyota.

"Umeumia?" Mama aliuliza.

"Hapana, Mama. Mzizi tu."

Nikamaliza mstari ule. Jioni, tumekaa kando ya jiko, damu ilianza kutoka, na mimi nilishajua njia yake. Mama hakuuliza ni nini. Alichemsha maji, akaleta shuka kuukuu, akanivua viatu vyenye matope. Alifanya yote hayo haraka mno, kama mtu aliyekuwa amejiandaa.

"Ulikuwa unajua," nilisema.

"Tangu ulipoanza kuukimbia moshi wa samaki." Alikuwa amepiga magoti mbele yangu. "Pale shambani nilitaka kukwambia uache. Nikaogopa. Ningekwambia uache, ungeniuliza kwa nini."

Kweli, ningemuuliza. Nilimchukia jioni ile, na nilimchukia zaidi kwa sababu alilia kuliko mimi.

Kesho yake alitoka na nyonga yake mbovu, akapanda mistari yote iliyokuwa tayari, punje moja moja, peke yake kwenye mvua. Sikuinuka kumsaidia. Rosamel alipopata mtandao akapiga simu, akauliza habari za nyumbani. Mama aliniangalia, akamwambia vitunguu vimeingia ardhini na sote wazima. Kisha akaninyooshea simu. Nikamwambia mume wangu ni kweli, sote wazima.