Clé Nilifuta Mbele ya Barrière

Bujinga ni yangu, sitashitaki muntu. Juzi jeudi, nikitoka Kalembe kuja huku Buleusa, nilifanya vile sisi wote tunafanyaka mbele ya barrière, pale wenye bunduki wanafunga njia: nikasafisha simu, nikasafisha na ordinateur, machine yangu ya kazi. Picha, message, majina ya bantu, yote chini. Huku muntu anasafisha simu mbele ya barrière sawa vile anavua kofia mbele ya église. Njo nikaona fichier moja, mistari ya herufi na namba, haina kichwa haina mukia. Nikajiambia: Albert, mwenye bunduki akiona hii atasema ni message ya adui. Utamufundisha informatique ukiwa umepiga magoti? Nikafuta.

Ule mwenye bunduki hakufungua ata machine. Aliniomba sigara tu, na mimi sivutake.

Ile fichier njo ilikuwa clé yangu, ufunguo.

Nieleze kidogo. Mimi ni mwalimu, niko na diplôme ya pédagogie na kitambi; informatique, mambo ya machine, nilijifundisha peke yangu. Nilitengeneza programme ndogo ya ma-infirmière, wale wanachungaka wagonjwa: unaandika kilo ya mutoto, inakuambia dawa ya malaria ya kumupiga sindano ni kiasi gani. Code yake inalala mbali, kwa site moja ya internet. Nikirekebisha kitu, ninatuma kule, na simu za ma-infirmière zinajichukulia. Lakini ile site haipokee code ya kila mupita njia. Inataka clé, ijue kama ni Albert.

Jana, Élisabeth, infirmière wa hapa, akaniita.

"Papa Albert, kuja uone mambo ya mutoto wako."

"Mutoto gani tena? Usinitafutie kesi na bibi yangu Mama Benita ku nyumba."

"Hii programme yako! Naandika kilo tatu na nusu, inanipatia dawa ya kilo kumi. Mimi niko na miaka makumi mbili mu hii kazi, mukono ilikatala yenyewe. Sasa wale wanakuaminiaka?"

Wale wananiaminiaka ni Généreuse, infirmière mupya wa Kalembe. Mimi mwenyewe nilimwambia: "Mwanangu, usihesabu tena na kichwa, amini machine." Na kule Kalembe kuko Agathe, dada yangu mudogo, na mapacha yake ya miezi mbili. Kilo ine hawajafika. Nikiondoka, mumoja alikuwa ameanza kuwa na homa.

Kosa ilikuwa mustari moja ya code. Niliitengeneza dakika kumi. Ilibakia kutuma.

Sasa, mu Kalembe hakuna réseau ya simu mpaka upande kilima. Kila samedi Maurice, sentinelle, mulinzi wa dispensaire, anakusanya simu za kazi mu kitunga, anapanda nazo, anazifungua saa mbili mpaka saa ine, anashuka. Zile simu ziko na programme tu, message haiingiemo. Simu ya Généreuse mwenyewe ilibakia ku barrière mwezi uliopita. Ya Maurice anaizimaka, juu ya kuchunga batterie.

Leo samedi, saa mbili kasoro robo, nilikuwa mu duka ya Mama Kaswera, mama wa Butembo, anauzaka chumvi, misumari, na internet ya ile sahani ya satellite iko juu ya mabati. Nikamwandikia Maurice: alama moja tu, simu imezimwa. Nikatuma code. Ikarudi: authentification imekatala. Nikaweka mot de passe, neno yangu ya siri. Site ikasema mot de passe haikubali tena kwa kutuma code, inataka clé.

"Inasema nini?" Kaswera akauliza.

"Inasema hainijue."

"Lakini haiko wewe ulitengeneza?"

"Ni mimi."

"Bwana kufungiwa inje ya nyumba alijenga! Ulilewa?"

"Ata kidogo, Mama. Njo inaniuma."

Nikajaribu kuingia ku site niweke clé mupya. Site inatuma kwanza namba kwa SMS. SIM yangu nikaitoa mu kiatu, pale niliificha. Lakini Buleusa haina réseau ya simu, na SMS haipite mu sahani ya Kaswera. Kurudi Kalembe, nipande kilima? Tangu jana barabara imefungwa, bunduki zinaongea kati yetu na kule. Namba za akiba, zile za kuingia bila SMS? Zilikuwa ku karatasi. Ile karatasi niliitafuna mbele ya barrière, pamoja na ndizi.

Nilikuwa sawa panya mu chupa: inje unaiona, kupita wapi.

Akabakia Josiane, secrétaire wa association yetu mu Goma. Yeye hajue code, lakini anaweza kuingia ku site na jina ya association, aandikishe clé yangu. Saa tatu nikatengeneza clé mupya. Clé iko na sehemu mbili: moja unafunga kwako, ingine unapatia mulango, ni kusema site. Na ile haraka, nikamutumia ya kwanza.

"Papa Albert, hii inasema ni ya siri. Ni yangu kweli?"

"Hapana! Futa! Futa!"

"Wewe na kufuta, Papa."

Nikatengeneza ingine. Saa ine kasoro robo akaandika: "Natafuta mot de passe yangu, niliiandika mu cahier fulani." Nyuma yangu Kaswera anapimia muntu misumari. Saa ine. Saa ine na dakika sita: "Imekubali."

Nikatuma. Ikapita mara moja, kama vile haikunisumbua siku moja.

"Imeisha!" Kaswera akapiga mikono.

Nikafungua liste ya simu. Ya Élisabeth, inakamata internet ya Kaswera: mupya. Kalembe, simu zote ine: za zamani, zimeonekana mara ya mwisho saa ine kasoro dakika mbili. Maurice haongezake ata dakika moja. Kupanda tena ni samedi ijayo.

Saa sita ikafika. Ku simu ya Maurice, alama ingali moja, message haijamufikia. Nikaandika tena:

"Maurice, kaka, nakuomba, rudisha zile simu ku kilima leo. Kama miguu imechoka, mwambie tu Généreuse ahesabu na kichwa. Unijibu."