Pacha Haliliwi

Walimtoa Kulwa kwa kamba ileile iliyokuwa ikitoa mawe. Zilitangulia nywele, nyeupe kwa vumbi kama za mzee, halafu uso ambao Vaileth hakuutambua, halafu bega. Walikuwa wamemfunga mkono mmoja tu. Wa pili haukuwa na mahali pa kufungia.

Wanaume wanne waliokuwa kwenye roda ya kuvutia kamba wakamlaza juu ya turubai, pale penye mdomo wa duara, shimo la dhahabu, na mmoja wao akavua fulana yake akamfunika kichwa. Mtoto wa miaka kumi na moja. Vaileth alikuwa ametoka mbio kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, vumbi la mawe limemjaa hadi kwenye kope, nyundo bado iko mkononi. Uso hakuujua, lakini kaptura aliijua. Aliishona mwenyewe juzi, kwa uzi mwekundu kwa sababu mweusi ulikuwa umekwisha.

Nyundo ikamponyoka. Akashika kichwa kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akafungua kinywa.

Kofi likamkuta kinywa kiko wazi. Akajing'ata ulimi. Kabla hajajua limetoka wapi, mumewe Athanas alikwisha kumkaba kwa nyuma, kiganja chenye harufu ya baruti kimemziba mdomo na pua.

"Usilie! Mama Kulwa, usilie! Unataka kumuua na yule mwingine?"

Yule mwingine alikuwa amesimama hatua tano nyuma, amevaa sketi na blauzi ya shule. Doto. Alizaliwa robo saa baada ya kaka yake na hakuwahi kulala kitanda kisicho na yeye. Macho yake yalikuwa kwenye fulana ile, yakiisubiri isogee.

Vaileth alirusha mateke. Akamng'ata Athanas kidole, akaonja damu, asijue ni ya nani. Athanas hakumwachia. Machozi yake mwenyewe yalikuwa yakimdondokea mkewe shingoni, lakini kiganja hakikulegea.

Mama yake Athanas, Bibi Kabula, akaja na fimbo yake akasimama mbele yao.

"Pacha haliliwi, mayu," akasema, bila ukali, kama mtu anayefundisha kupika. "Pacha ameruka, hakufa. Ukimlilia atajua ameachwa peke yake, atarudi kumchukua mwenzake. Huko kwenu Ushirombo mmesahau. Sisi hatujasahau."

Mwenye duara alikuwa anaitwa William. Aliposhuka kwenye gari alikuwa amekwisha kuambiwa, na alikuja na sura ya mtu aliyejiandaa kupigiwa kelele. Alimkuta mama wa marehemu amezibwa mdomo na watu wamenyamaza. Akashangaa. Matimba, miti ya kushikilia kuta za mle chini, yalikuwa yameoza tangu masika, kila mtu alijua. Njia iliyofuata mwamba ilikuwa imebana, mtu mzima hapiti, na kila mtu alijua ni akina nani wanapita. Kwa mtoto aliyefia shimoni wangekuja polisi, wangekuja watu wa madini, duara lingefungwa.

"Bibi, hebu nieleweshe," akamwambia Bibi Kabula. "Maana yake hakuna matanga?"

"Hakuna."

"Watu hawakusanyiki? Hakuna kukaa siku tatu?"

"Hakuna kilio. Akizikwa, amezikwa."

William akavua kofia. "Mila ni mila," akasema. "Mimi mila naziheshimu sana."

Mwaka uliotangulia alikuwa amepitisha katapila juu ya makaburi ya ukoo wa Bibi Kabula, akitafuta mwamba.

*

Kabla ya saa sita mchana Kulwa alikuwa chini ya udongo wa kando ya mto, mahali penye majimaji, kama pacha anavyozikwa. Hakukuwa na jeneza, wala padri. Wanawake wa ukoo waliimba nyimbo za mapacha, zile za matusi, wakamtukana Vaileth kwa kuzaa kama mbuzi, na wakamtaka acheke.

Doto alipakwa unga usoni akaamriwa acheze. Kila midomo ilipoanza kumchezacheza, shangazi mmoja alimchapa miguuni kwa ufito mbichi. "Vigelegele! Piga vigelegele!" Doto akacheza. Ufito uliacha michirizi kwenye mashavu ya miguu yake, unga ukashikana na jasho usoni. Ilipofika jioni alikuwa hatoi tena sauti yoyote, na wanawake wakasema vizuri, mila imemwingia.

Kesho yake Onesmo alifika na mfuko wa unga na dumu la mafuta. Onesmo alikuwa msimamizi wa duara la William. Alikuwa pia kamanda wa sungusungu wa kijiji.

"Mama Doto, habari ya asubuhi."

Vaileth hakugeuka. Kwa miaka kumi na moja alikuwa Mama Kulwa.

"Mama Doto, nakusalimia."

"Jibu," Athanas akasema.

*

Wiki ya pili, darasa la tano, mvulana mmoja alihamia kukaa kwenye nafasi ya Kulwa. Doto akampiga jiwe la mdomo. Yakatoka meno mawili. Mwalimu mkuu akamlaza Doto juu ya meza, akamchapa mbele ya darasa zima, na Doto hakutoa hata mguno, ndipo mwalimu mkuu akaogopa, akaacha.

Mchana uleule Mwalimu Paskalina akaja nyumbani. Alikuta Bibi Kabula anapepeta dengu, Athanas yuko kwenye kigoda, Vaileth anachochea moto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Nimekuja kuwapa pole."

"Pole ya nini?" Athanas akauliza. "Hapa hakuna msiba."

"Baba Kulwa..."

"Baba Doto."

Mwalimu akaketi bila kukaribishwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea darasa la watoto mia na ishirini. "Pale shuleni ninao watoto tisa waliofiwa mashimoni," akasema. "Kila Alhamisi nakaa nao. Anayetaka kuchora baba yake anamchora. Anayetaka kulia analia, na wenzake wanamshika. Naomba Doto akae nao."

"Hao baba zao hawakuwa mapacha," Bibi Kabula akasema, akapuliza makapi.

"Mkuu wa shule anataka barua ya mtendaji inayosema nyumba hii imefiwa. Nimetoka kwa mtendaji sasa hivi. Amenifungulia kitabu cha wakazi." Akamtazama Vaileth. "Kimeandikwa Kulwa Athanas amehamia Songwa, kwa baba yake mdogo."

Kijiti kilikatika mkononi mwa Vaileth. Akamgeukia mumewe. "Nani kaandikisha hivyo?"

Athanas alitazama vidole vya miguu yake.

"Nani, Athanas?"

"Unga unaokula ni wa nani?" Athanas akafoka, akasimama, akapiga teke kigoda kikagonga ukuta. "Nikikosa duara la William nitakwenda kuchimba wapi? Kwa wajomba zako Ushirombo? Mtoto amekwisha kufa! Tukiandika amekufa atafufuka?"

"Mwanangu, umelisema neno," Bibi Kabula akamkanya mwanawe. "Usilirudie."

Vaileth alimsindikiza mwalimu hadi njia panda. Huko Paskalina akamshika mkono.

"Mama, huyu mtoto asipolia ataua mtu. Au atajiua yeye. Nimewaona, si mmoja."

"Na akilia akafa?"

"Hatakufa."

"Utaniapia?"

"Nakuapia."

"Niapie kwa mwanao."

Mwalimu akafumbua mdomo, akaufumba. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume. Bodaboda mbili zikapita na viroba vya mawe, na vumbi lilipotulia Paskalina alikuwa bado hajaapa.

*

Jumamosi ya wiki ya tatu, Vaileth alikuwa akimwogesha Doto nyuma ya nyumba. Mtoto hakutaka kuvua blauzi. Vaileth akaivuta kwa nguvu. Mkono wa kushoto, kuanzia kwenye kiwiko hadi begani, ulikuwa umeng'atwa. Alama za meno zilijipanga safu juu ya safu, nyingine zimekauka, nyingine zina usaha, moja ilikuwa mbichi kabisa, na damu ilikuwa ikitoka taratibu.

"Nani kakung'ata?"

Doto akauweka mkono mdomoni kuonyesha. Meno yakaingia kwenye alama zake sawasawa. Alifanya hivyo kwa utulivu, kama anavyoonyesha mtu jinsi ya kufunga mlango usipige kelele.

Vaileth hakumaliza kumwogesha. Alimvalisha nguo bila kumfuta maji, akamshika mkono ule mzima, akatembea naye kupita karasha, kupita mialo wanakosafishia mchanga, mpaka kwenye mdomo wa duara la William. Roda ilikuwa ikizunguka. Akasimama juu ya kifusi, jua la saa nne likimpiga usoni, akapiga yowe.

Yowe la Usukumani halipigwi hivihivi. Ni la mwizi, la fisi, la moto, la mauaji. Anayelisikia analipokea na kulipeleka mbele, anaacha jembe, anachukua silaha, anakimbia. Asiyekuja anatozwa faini. Lilipokewa mialoni, likapokewa kwenye karasha, likapokewa sokoni. Wanaume walitoka mashimoni na sururu, wamejaa matope hadi masikioni. Sungusungu wakaja na marungu na mapanga. Haikupita nusu saa kifusi chote kilikuwa kimezungukwa.

Onesmo alitangulia, anahema. "Nani? Wapi?"

"Mwanangu amekufa!" Vaileth akalia, na safari hii hakuna aliyemziba. Sauti ilitoka chini kabisa, iliyokaa wiki tatu. "Kulwa wangu amefia humu! Humu! Mmemzika kama paka! Doto, lia, mwanangu! Mlilie kaka yako!"

Doto alimtazama mama yake, mdomo umefumbwa.

Watu wakatazamana. Kijana mmoja akacheka, kisha akaacha. Mmoja wa wale wanne wa roda, yule aliyevua fulana siku ile, akasogea mbele. "Ni kweli," akasema. "Kamba nilishika mi..."

Rungu la Onesmo likamkuta kwenye taya. Akaanguka kwa magoti, akatema kitu chekundu mikononi, na watu wawili wakamvuta nyuma kwa miguu.

"Nani mwingine alishika kamba?" Onesmo akauliza.

Hakuna aliyeshika kamba.

Mtendaji alifika kwa pikipiki, kitabu kimefungwa kwenye tangi kwa mpira. Akakifungua juu ya kiti. "Kulwa Athanas, amehama," akasoma kwa sauti. "Baba wa mtoto amethibitisha. Jamani, yowe bila tukio ni kosa. Watu wameacha kazi, wameacha biashara. Kesho akija jambazi wa kweli nani atatoka?"

William alikuwa ameketi kwenye gari lake, mlango wazi, mguu mmoja nje. Alitazama saa tu.

"Mke wako, mzigo wako," Onesmo akamwambia Athanas, akamkabidhi kiboko cha ngozi. "Ukikataa tunawachapa wote wawili, na shimoni usirudi."

Athanas alikishika kiboko kama mtu aliyepewa nyoka. Wakamlaza Vaileth kifudifudi juu ya mawe, mmoja akamkanyaga mikono, mwingine miguu.

"Mama Doto, sema amehama, tumalize."

"Amekufa."

Athanas akapiga, kwa upande, polepole. Onesmo akampokonya kiboko, akamwonyesha. Gauni likapasuka mgongoni. Akamrudishia.

"Sema."

"Amekufa."

Athanas akapiga. Safari hii alipiga kweli. Alipiga huku ameuma meno, akapiga tena kabla mkewe hajaulizwa, akapiga kama anayetaka kuvunja kitu kilicho ndani ya mwanamke yule kisiongee tena milele. "Sema! Sema, Vaileth! Kwa nini husemi!" Ngozi ikachanika. Damu ikachanganyika na unga wa mawe ikawa tope la kijivu. Wanawake walikuwa wamejifunika vichwa kwa kanga.

"Amekufa," Vaileth akasema, mdomo kwenye mchanga. Halafu akawa anasema neno lile bila sauti, midomo tu.

"Ataua mtu huyu," mzee mmoja akanong'ona. "Kamanda, inatosha."

"Sheria inataka shahidi," mtendaji akasema, akilamba kidole kufungua ukurasa mpya. "Tumuulize mtoto. Mtoto hasemi uongo."

Onesmo akachuchumaa mbele ya Doto, akaweka rungu chini. Sauti yake ikawa ya mjomba. "Mwanangu. Usiogope. Unamwona mama? Ukisema vizuri anainuka, mnakwenda nyumbani. Kaka yako yuko wapi?"

Doto alimtazama baba yake, kiboko kikidondosha damu. Akamtazama mama yake. Vaileth alijitahidi kuinua kichwa, akatikisa hapana, lakini mtu aliyemkanyaga alidhani anataka kuinuka, akamsukumia chini.

Athanas akainua mkono.

"Amehama," Doto akasema.

Ilikuwa sauti ya kukwaruza, sauti ya mlango uliofungwa muda mrefu. Akakohoa, akarudia, safari hii wazi, kwa namna ya mwanafunzi anayejibu swali. "Kaka amehamia Songwa. Kwa baba mdogo."

Mtendaji akaandika. "Unajua kuandika jina lako?" Doto akaitika. Akapewa kalamu, akainama juu ya kiti cha pikipiki, akaandika jina lake na la baba yake, kwa mwandiko wa kunyooka, herufi zinagusa mstari.

Mikono na miguu ya Vaileth ikaachiwa. Watu wakaanza kushuka kwenye kifusi. Doto akachuchumaa karibu na kichwa cha mama yake, akamwondolea changarawe shavuni, moja moja.

"Mama," akanong'ona. "Nimesema vizuri?"

Vaileth alimtazama. Mtoto alikuwa na uso mweupe wa vumbi, na macho yake yalikuwa yanasubiri jibu kwa hofu iliyokuwa ikipanda, na mkono ule wa kushoto ulikuwa umeanza kwenda mdomoni.

"Umesema vizuri, mwanangu," Vaileth akasema.

Mkono ukashuka. Doto akatabasamu.

"Mnamwona?" Onesmo akapaza sauti, akimwonyesha Doto kwa kidole, na wale waliokuwa wanaondoka wakageuka kutazama. "Mtazameni vizuri. Huyo ndiye mtoto aliyefiwa?"