Tela la Mwalimu Deodatha

Wiki ya tatu baada ya kumzika mumewe, Mwalimu Deodatha aliwasha gari akaenda Kayanga kuangalia tela. Hakumuaga mtu. Nyumba ilikuwa bado na wageni wa msiba, shangazi wawili na binamu mmoja kutoka Bukoba, nao walipoulizana mwenye nyumba ameelekea wapi, hakuna aliyejua. Yeye mwenyewe, kama ungemuuliza, angekujibu kwamba leo ni Jumanne, na Jumanne ndiyo siku waliyopatana na fundi.

Waliopatana na fundi walikuwa wawili, yeye na mumewe Novatus. Deodatha alifundisha Jiografia sekondari kwa miaka thelathini na mmoja. Alichora ubaoni Ziwa Rukwa, nyanda za juu za Ufipa na Bonde la Usangu, mwaka baada ya mwaka, na hakuna hata kimoja alichowahi kukiona. Mbali kabisa alikowahi kufika ni Dodoma, kusahihisha mitihani. Novatus naye alikuwa afisa wa kahawa. Alimaliza ujana wake akipanda na kushuka vilima vya Karagwe na Kyerwa kuwafuata wakulima, na alikuwa akisema kwamba barabara mbaya haijawahi kumshinda mtu, kinachomshinda mtu ni mahali pa kulala. Gesti za njiani alizichukia kwa sababu ya kunguni.

Ndipo wakapanga. Deodatha akistaafu, wangenunua tela lenye kitanda, maji na jiko, walifunge nyuma ya Landikruza yao kuukuu, ile ya mkonga wa hewa ubavuni, waende popote gari linapopita. Wangeanza na hapa nyumbani, hifadhi za Ibanda na Rumanyika, wajifunze makosa yao karibu. Kisha Burigi, kisha Katavi, hadi Rukwa. Deodatha alistaafu Januari. Mwezi wa tano, mchana, Novatus aliinuka mezani kwenda kunawa mikono, akaanguka mlangoni. Walipofika hospitali alikuwa ameshakata roho.

Deodatha hakulia. Watu walimwangalia, wakasubiri, wakaacha kusubiri. Kaburini alichokiona ni kwamba mpini wa koleo moja ulikuwa umelegea na mchimbaji alikuwa akihangaika nao. Maneno ya mchungaji aliyasikia kama mtu aliyejifunika blanketi kichwani. Alipika, aliwakaribisha wageni, alitia sahihi makaratasi. Kila mtu alisema mama huyu ana moyo.

Gereji ya Abdillah ilikuwa nyuma ya stendi ya Kayanga. Abdillah aliwahi kuwa mwanafunzi wake, na hakuona aibu kusema kwamba Jiografia alipata sifuri. Alipomwona akishuka garini peke yake alizima mashine ya kukatia vyuma, akajifuta mikono, akamwamkia na kumpa pole. Alidhani mwalimu amekuja kuvunja mapatano. Deodatha alipouliza kazi imefikia wapi, alimpeleka aione.

Kazi ilikuwa imefikia kwenye fremu. Abdillah alikuwa amechukua ekseli ya pikapu iliyopata ajali, akaitilia springi za majani, zile za vyuma bapa vilivyopangana, kama za Landikruza. Magurudumu aliyachagua ya ukubwa uleule wa gari, ili tairi moja la akiba litumike kote. Fremu yenyewe ilisimama juu, mtoto angeweza kupita chini yake akitambaa. Kilichobaki ni sanduku la bati na kitanda. Juu ya chuma alikuwa amechora mistari miwili kwa chaki.

"Mzee alitaka futi nne na nusu," alisema, akaiangalia ile chaki badala ya kumwangalia mwalimu. "Sasa sijui. Kitanda nikate cha watu wangapi?"

Deodatha aliitazama mistari. Alijua kwamba ameulizwa swali na kwamba swali lina jibu. Akasema kuna tela jingine Nyakasimbi ambalo amesikia habari zake, na kwamba angependa kuliona hilo kwanza.

Tela la Nyakasimbi lilikuwa la mzungu mmoja aliyefanya kazi kwenye mradi wa maji, akarudi kwao. Alimwachia Placidia, mwanamke aliyekuwa akimtunzia nyumba, amtafutie mnunuzi. Lilikuwa jeupe, limetoka ng'ambo, na lilifunguka kama kitabu. Upande mmoja jiko lilivutwa kama droo. Upande wa pili hema lilijikunjua lenyewe, na ndani mlikuwa na kitanda kipana chenye godoro nene. Placidia alilifungua na kulifunga mara mbili, kwa fahari, kana kwamba yeye ndiye aliyelitengeneza. Kitanda chake kilikuwa kimeshakatwa zamani na mtu mwingine, hakuna aliyehitaji kuulizwa. Deodatha aliomba kulijaribu kwa siku moja kabla ya kuamua, na Placidia akakubali.

Benjamin, mdogo wake Novatus, ambaye kibanja chake, shamba la migomba na kahawa, kimepakana na chao, alipopata habari alikuja jioni akakaa barazani. Hakuwa mtu mbaya. Tangu msiba alikuwa akija kila asubuhi kuangalia ng'ombe bila kuombwa. Alimweleza shemeji yake kwamba watu watasema, kwamba mjane hazunguki nchi akiburuta nyumba mgongoni kama konokono, kwamba angalau asubiri mwaka upite. Deodatha alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia amesikia. Kisha akamwambia Alhamisi anakwenda kulijaribu tela. Benjamin akasema basi atakwenda naye.

Walipakia madumu sita ya maji ili tela liwe na uzito wa safari ya kweli. Deodatha alishika usukani. Aliichagua njia ya kutoka Nyakasimbi kuvuka upande wa Kyerwa hadi Kibingo, njia ambayo Novatus alikuwa akiiita mtihani wa taifa. Ilikuwa kiangazi, kahawa imeanikwa kwenye majamvi nje ya kila nyumba, na vumbi jekundu limefunika migomba ya kando ya barabara.

Saa ya kwanza ilikwenda vizuri, hata Benjamin akaanza kulisifu. Waliposimama kunywa chai Deodatha alifungua mlango wa nyuma, akakuta vumbi limelala juu ya godoro kama unga. Mpira wa mlango haukubana. Alipitisha kidole, akafunga. Mbele kidogo, kwenye korongo lililochimbwa na mvua za masika, tumbo la tela lilikwaruza mawe, maana magurudumu yake yalikuwa madogo. Deodatha alisikia mkwaruzo huo akajiambia kwamba tela hili lilitengenezewa njia nyingine. Lakini hakugeuza. Kugeuza kulihitaji kuamua.

Walikuwa wameshaipita Kibingo, wakishuka mlima, gari lilipokuwa jepesi ghafla. Alitazama kwenye kioo. Tela lilikuwa linaondoka. Lilikata kona taratibu, likaacha barabara, likaingia kwenye kibanja cha watu. Liliipita mibuni, likaangusha migomba mitatu, likajilaza ubavu. Mkono wa kuvutia, chuma kinacholiunganisha tela na gari, ulikuwa umekatika pale unapoungana na fremu, na minyororo ya usalama ilikuwa imefungwa kwenye kipande kilekile kilichokatika.

Deodatha alisimamisha gari, akavuta breki ya mkono, akashuka akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Benjamin alikaa chini kando ya barabara. Deodatha aliliangalia tela kama mtu anavyoiangalia picha ya ajali gazetini. Alisubiri moyo uende mbio, haukwenda. Ndipo wazo likamjia, waziwazi, kwamba kama pale penye migomba angekuwepo mtu, huenda angesimama hivihivi, akiangalia hivihivi. Wazo hilo lilimwogopesha, na kwa kuwa hofu ilikuwa kitu cha kwanza kumfikia kwa majuma matatu, alikaa nayo palepale bila kuikimbia.

Mwenye kibanja alikuja mbio na panga mkononi. Alikuwa mzee mwembamba, jina lake Harerimana. Alizunguka tela, akachungulia dirishani.

"Ndani kuna mtu?"

"Hakuna," Deodatha alisema.

"Nani analala humu?"

Alifungua mdomo aseme mimi na mume wangu. "Mimi," alisema. Akavuta pumzi. "Mume wangu alifariki mwezi wa tano."

Harerimana aliliweka panga chini. Alimpa pole, kisha akauliza alikuwa anaumwa nini. Aliuliza kama aliteseka. Aliuliza walikuwa pamoja miaka mingapi, watoto wako wangapi, na marehemu alikuwa akifanya kazi gani. Yalikuwa maswali ya kawaida ambayo nyumbani hakuna aliyemuuliza, kwa sababu nyumbani wote walikuwa wanajua. Deodatha alijibu moja baada ya jingine. Alieleza jinsi Novatus alivyoinuka mezani, mkono mmoja ukiwa bado na ugali. Alieleza jinsi yeye alivyomwita mara mbili akidhani anafanya mzaha. Alikuwa hajawahi kuisimulia habari hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Aliyelia ni Benjamin. Alilia kwa sauti, uso kwenye magoti, na shemeji yake akaenda akasimama karibu naye, akamwekea mkono begani hadi aliponyamaza.

Majirani walikuja na kamba, wakaliinua tela. Harerimana alikataa fidia. Alisema tu kwamba ndizi zile zimeshaanguka na haziwezi kungoja, kwa hiyo mikungu mitatu ikapakiwa nyuma ya Landikruza, na mkewe akaleta kahawa ya kutafuna akawapa mkononi wakiwa wameshaketi garini. Siku ya pili Placidia alimpigia simu yule mzungu. Mzungu akakiri kwamba mkono ule uliwahi kupasuka akauchomelea, akasahau kusema. Aliomba radhi, na tela likarudi kwa Placidia.

Jumanne iliyofuata Deodatha alikuwa tena gereji. Abdillah alizima mashine. Alikuwa amesikia, maana Kayanga habari haikai.

"Cha mmoja," Deodatha alisema.

"Mwalimu, naweza nikaacha nafasi. Siku moja binti yako Vero akija kutoka Mwanza, au…"

"Cha mmoja, Abdillah. Nafasi itakayobaki weka tanki la maji."

Abdillah alifuta mstari mmoja wa chaki kwa kiganja. Alichukua muda kuufuta. Kisha akatandaza mbao juu ya fremu, akamwomba mwalimu ajilaze ili apate urefu. Deodatha alivua viatu, akapanda, akalala chali akiangalia mabati ya paa. Alisikia chaki ikikwaruza ubao juu ya kichwa chake, kisha chini ya nyayo. Abdillah alimwambia tayari, anaweza kuamka. Hakujibu. Tangu msiba alikuwa akilala saa moja au mbili, akiamka na kukaa kitandani. Sasa alikuwa amelala fofofo, adhuhuri, katikati ya vyuma. Abdillah aliahirisha kazi zote za kelele. Mteja aliyekuja kuchomelewa geti aliambiwa arudi baadaye. Mwalimu aliamka karibu na alasiri, shavu likiwa na alama ya ubao, akauliza vipimo vimetoka vingapi kana kwamba amefumba macho mara moja tu.

Tela lilikamilika mwezi wa nane. Halikuwa zuri. Lilikuwa sanduku la kijivu lenye dirisha moja, mlango uliobana kwa mpira wa lori, na mkono wa kuvutia uliopita chini ya fremu yote hadi nyuma kabisa. Minyororo ilifungwa kwenye fremu yenyewe. Asubuhi ya safari Benjamin alikagua nati moja baada ya nyingine, akaivuta minyororo kwa mikono yake, akasema shemeji apite polepole kwenye miteremko. Ya watu kusema hakuyagusa tena. Akafungua geti.

Deodatha alifika Ibanda siku hiyohiyo. Barabara ilikuwa mbaya na tela liliifuata Landikruza bila ugomvi. Alipofungua mlango alikuta vumbi kidogo sana, na bolti moja ya dirisha imedondoka. Alimpigia Abdillah akamweleza bolti hiyo, na kwamba bawaba inalia.

Alikuwa ameingia mbugani kama nusu saa hivi nyamera watano walipovuka mbele ya gari, wekundu, bila haraka. Deodatha aligeuka kushoto.

"Tazama," alisema.

Kiti kilikuwa kitupu, na mkanda ukining'inia. Ilimuuma. Yalikuwa maumivu ya kweli, na hayakuwa na msaada wowote. Alizima injini. Nyamera walisimama wakamtazama, kisha wakaendelea na majani yao. Alikaa pale akiushika usukani hadi alipoweza kupumua sawasawa, na kama alilia, alilia kidogo, bila kujua ameanza lini wala ameacha lini.

Jioni aliegesha mahali alipoelekezwa na askari wa hifadhi, juu ya mteremko unaoelekea Mto Kagera. Alipika wali na maharage, akala nusu, akafunika iliyobaki. Upepo ulianza kutoka mtoni. Alihisi baridi miguuni, akashangaa kwamba anaihisi, akaingia kwenye tela kutafuta soksi.