Mikono Themanini ya Kushoto

Joho la kwanza lilipokamilika walimvalisha mpiga pasi. Yeye ndiye aliyevalishwa kila nguo mpya pale karakanani, kwa kuwa mwili wake, kama alivyosema mwenyewe, haukuwa na ubishi: si mnene, si mwembamba, si mrefu, si mfupi. Aliingiza mkono wa kushoto, ukapita kama maji. Akaingiza wa kulia, akabaki ameuinua kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda msalani.

"Jamani, huu mkono unanikaba, au nimeota bega jingine usiku?"

Watu wakacheka. Binti waliyemwita Kimya hakucheka. Alikuwa amesimama mwisho wa meza ya kukatia, na macho yake yalishaona. Ile sehemu iliyochimbwa zaidi, inayotakiwa kukaa mbele ya bega, ilikuwa imekaa nyuma. Ule mkono wa kulia ulikuwa wa kushoto.

Wakafungua bunda zima la mikono iliyokatwa. Yote vilevile. Majoho arobaini ya wahitimu, mikono themanini, na yote themanini ya kushoto. Hiyo ilikuwa Jumatano, na chuo kilikuwa kinayataka Jumamosi.

Bi Mkubwa, mwenye karakana, hakupiga kelele. Wanaomjua waliomba apige, maana akipiga yanaisha. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Pale mezani walifanya kazi watu wawili tu: Kimya, aliyechora kwa chaki, na wifi yake, mke wa kaka yake, aliyetandaza kitambaa na kukikata kwa mashine. Huyo wifi walimwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Mmoja wenu leo ndiyo mwisho wake hapa," alisema Bi Mkubwa. "Redio, nyamaza, hata kabla hujaanza." Akamgeukia Kimya. "Wewe macho yako hayapitwi na sindano. Naenda kutafuta kitambaa kingine. Nikirudi saa nane utaniambia nani kaharibu. Utakalosema, nimelipokea."

Akatoka. Redio akamtazama wifi yake kwa jicho la kuuliza, lakini Kimya alishageuka. Yeye jibu alikuwa nalo tayari.

Kitambaa cha joho kina uso na mgongo. Uso unang'aa, mgongo umefifia. Ukitaka mikono ya kushoto, unatandaza kitambaa uso juu, unalaza paterni, umbo la mkono lililokatwa kwa karatasi ngumu, maandishi yake yakiwa juu, unachora. Ukitaka ya kulia, unageuza paterni kifudifudi, maandishi yanalala chini, unachora tena. Kimya aligeuza. Alikuwa na hakika ya hilo kama alivyokuwa na hakika ya jina la mama yake. Basi kama paterni iligeuzwa na bado ikatoka mikono ya kushoto, maana yake ilikuwa moja tu: kitambaa cha mara ya pili kilitandazwa mgongo juu. Na mtandazaji alikuwa Redio, huku akisimulia harusi ya watu wasiomhusu.

Tena Kimya hakuona ajabu. Jumapili iliyopita, nyumbani kwa kaka, ambako Kimya naye anaishi, mbele ya wageni, wifi huyohuyo alimwekea mkono begani na kusema, "Huyu? Huyu tumeshampangia chumba cha uzeeni. Atazeekea kwetu." Wageni walicheka, kaka mtu akacheka, na Kimya akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Saa sita, wenzake walipotoka kula, aliingia stoo, akakaa juu ya majora ya kitambaa na kufungua simu. Ile akili bandia ya kwenye simu alioneshwa na mpiga pasi, aliyekuwa akiiuliza habari za mgongo wake kila asubuhi na kisha kuikatalia kila ushauri. Kimya aliishia darasa la saba. Mwanzo aliitumia kurekebisha barua. Baadaye akawa anaiuliza mambo ambayo hakujua amuulize nani. Alipenda kwamba ukiandika polepole haikuwa na haraka, na ukiandika vibaya haikuguna.

Aliandika: *Nisaidie kumwambia bosi wangu kwa heshima kwamba aliyeharibu ni wifi yangu. Nisionekane namchongea.* Kisha akaeleza yote.

Ikajibu kwamba itamsaidia, ila kwa kuwa mtu anaweza kupoteza kazi, ingependa kwanza kuelewa vizuri. Halafu ikauliza: je, ile mikono iliyozidi haiwezi kugeuzwa tu, ikawa ya kulia?

Kimya alicheka peke yake stoo. "Masikini, hii haijashika hata leso." Akaiandikia kwa subira, kama anavyofundishwa mtoto kufunga kamba za viatu, habari ya uso na mgongo: ukigeuza mkono, mgongo unakuja nje, na mhitimu atatembea bega moja linang'aa na jingine kama la kuazima.

*Asante, nilikuwa nimekosea,* ikajibu. *Sasa nimeelewa. Naomba tutenganishe mambo mawili. Katika haya uliyoniambia, yapi uliyaona kwa macho yako, na yapi umeyapata kwa kukisia?*

Swali dogo. Lakini Kimya, anayesifiwa kwa macho, hakuwahi kuulizwa hivyo maishani. Alianza kuandika harakaharaka. Niliona wifi akivuta jora. Niliona anaongea. Niliona kitambaa kimetandazwa mgongo juu.

Hapo kidole gumba kikasita. Alikiona kweli? Akafumba macho, akairudia asubuhi ile ya Jumatatu, kitambaa kilipotandazwa mara ya pili. Meza. Dirisha. Kitambaa cheusi, na juu yake mstari mweupe wa mwanga wa dirishani, unang'aa kama maji ya beseni.

Unang'aa.

Akakifuta alichoandika. Akaandika: *Kukiona hivyo sikukiona. Ila najua.*

*Unajuaje?* ikauliza. *Na ulipokuwa unachora mara ya pili, ni nini kilikuwa mbele ya macho yako juu ya paterni?*

Akajibu kabla hajawaza, maana mikono huwa inakumbuka kabla ya kichwa: *Maneno. Chaki ilikuwa imeziba herufi nikaipuliza.*

Akaisoma sentensi yake mwenyewe. Akaisoma tena. Maneno huwa juu paterni ikiwa ya kushoto. Paterni ikigeuzwa, maneno yanalala chini, hayapulizwi, hayaonekani.

Akainuka, akaenda kwenye msumari inakoning'inia paterni, akaitungua na kuigeuza nyuma. Karatasi ilikuwa mpya, imekatwa kwa kazi ile tu. Mbele, kingo zote zilikuwa nyeupe kwa chaki. Nyuma, hakukuwa na hata punje. Safi kama siku ilipotoka dukani.

Akarudi kukaa.

*Kwa hiyo ni mimi?* aliandika.

*Mimi sikuwepo, siwezi kujua,* ikamjibu. *Wewe ndiye uliyekuwepo. Unakumbuka ulikuwa unawaza nini wakati ule?*

Alikumbuka. Lo, alikumbuka kila neno. Asubuhi ile alikuwa anatunga jibu. Jumapili hakuwa na la kusema, basi Jumatatu alikuwa analitunga: *Nizeeke kwenu? Bora mimi nitazeeka nimenyamaza, wewe utakufa mdomo ukiwa wazi.* Alikuwa analisuka, analifumua, analisuka upya, anamwona wifi akifedheheka mbele ya wageni walewale. Mkono ulikuwa unachora karakanani, mwenye mkono alikuwa sebuleni kwa kaka yake anashinda ugomvi uliokwisha. Na alipomaliza kushinda, ndani yake mtu fulani aliandika kwa wino: *paterni nimegeuza.* Akaamini. Angeapa. Angeshika chochote kitakatifu na kuapa.

Hilo ndilo lililomtetemesha, kuliko hata kosa. Watu husema moyo wa mtu ni msitu, naye siku zote alidhani wanausema moyo wa mwenzake. Sasa alikuwa amesimama katikati ya msitu wake mwenyewe, na yule aliyekuwa akimtafuta humo, mwongo, mwenye kinyongo, alikuwa amevaa sura yake. Si simu iliyomwonesha. Simu haikujua hata leso. Iliuliza tu, ikasubiri, na yeye mwenyewe akaenda akachungulia. Yote yalikuwemo: mwanga wa dirishani, herufi, pumzi yake kwenye chaki. Yalikuwa yamekaa humo siku tatu, hayajafichwa, yanangoja mtu apite. Alijishika kichwa kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu aliyekabidhiwa chombo cha bei ambacho hakujua kuwa kilikuwa nyumbani kwao tangu zamani.

Kisha akakumbuka saa nane, na lile jambo jingine likaja, la chini, linalotambaa. Nani atajua? Paterni inafutika. Bi Mkubwa amesema atakalosema limepokelewa.

Hakuuliza simu. Hilo halikuwa la kuuliza. Akaizima.

Bi Mkubwa alirudi na jora moja begani mwa mchukuzi, akakuta wote wamesimama. Redio alikuwa ameshakunja aproni yake, ameiweka mezani. Kwa mara ya kwanza watu waliona kwamba alikuwa mwanamke mdogo tu.

"Enhe?"

"Ni mimi," alisema Kimya. "Sikugeuza paterni. Hii hapa, nyuma haina chaki."

Bi Mkubwa akaigeuza, akaitazama, akamtazama. "Nani kakuona?"

"Hakuna."

"Sasa asubuhi mbona ulisimama hapo umenikazia macho kama hakimu?"

"Asubuhi nilikuwa na hakika kuwa ni yeye."

Mpiga pasi akakohoa. "Ndiyo maana wanasema nyani haoni..."

"Wewe kapige pasi!" Bi Mkubwa akaiweka paterni chini. "Nilisema mmoja anaondoka. Basi anaondoka mezani. Chaki usiishike mpaka nikwambie. Utashona vifungo na mapindo, na Jumamosi alfajiri utakuwa hapa mpaka joho la arobaini litoke. Likichelewa, uende kabisa."

"Sawa, Bi Mkubwa."

Akapewa kibao kidogo cha kukalia pembeni na kopo la vifungo na sindano. Redio akamfuata, aproni mkononi, akasimama juu yake. Alizungumza kwa sauti ambayo Kimya hakuwahi kuisikia, sauti ya ndani.

"Wifi, kweli ungenisema?"

Kimya alitamani kusema hapana. Lingekuwa neno jepesi, na wifi angelipokea.

"Ningekusema. Tena ningelala usingizi mzuri, nikijua nimesema kweli."

"Kwa lipi? Nimekukosea nini mimi?"

"Jumapili. Ulisema nitazeekea kwenu."

"Mimi?" Alishika kifua. Akafungua mdomo amwage maneno yake ya kila siku, kisha kitu kikamzuia. Macho yake yakaondoka pale, yakaenda mbali, yakahangaika huko kama ya mtu anayepapasa swichi gizani. Kimya alimwona anaitafuta Jumapili. Alimwona anaikuta.

"Nilisema," alisema Redio polepole. "Eh. Nilisema, tena nimekushika bega."

Akavuta kibao kingine, akakaa karibu, akachukua sindano na uzi kwenye kopo na kuanza kuutafutia tundu.