Kofia ya Nusu Gramu

Asubuhi fundi alifuta mizani kwa pamba, akaweka kofia juu yake, akasoma: gramu tatu kasoro kidogo. Kofia yenyewe ilikuwa ya panya. Ilikuwa na betri kama punje ya dengu na nyaya kumi na sita nyembamba kuliko unywele, za kuingia kwenye ubongo na kuleta habari kwenye kompyuta. Kuzichomeka ilikuwa kazi ya Daktari, mkuu wa maabara. Yeye fundi alitengeneza tu.

Basi akavalishwa panya namba arobaini na moja, jike. Alipozinduka, mistari ilianza kupita kwenye kompyuta kama kawaida, kisha ikajikunja ikawa maandishi.

"Dada, hiki kitu kizito. Shingo inaniuma."

Fundi alimwita mlishaji, mzee aliyekuwa akiwabadilishia panya maranda. Mzee alivaa miwani, akasoma pole pole.

"Anasema kweli. Hebu na wewe ubebe tofali kichwani kutwa nzima uone."

"Nitampunguzia, baba."

Daktari alipoonyeshwa alisema hizo ni kelele za waya, akabonyeza kitufe cha kuondoa kelele. Maneno yakafutika, mistari ikabaki. Alipotoka, fundi alikibonyeza tena.

Miezi miwili fundi hakuwa na kazi nyingine. Alikwangua plastiki mpaka ikapitisha mwanga. Betri akaitafutia ndogo zaidi, kisha nyingine ndogo kuliko hiyo. Kadiri kofia ilivyopungua, maneno yalizidi kunyooka, panya akaanza kupiga soga. Alimuuliza mlishaji hali ya goti lake. Alimtania kwamba maranda ya juzi yalinuka kikwapa. Kisha akasema amejifungua, wako saba, na kitindamimba ana usingizi kupita kiasi.

"Umempa jina gani?" mzee akauliza.

"Jina la nini, baba? Nyie si mtampa namba."

Siku kofia ilipofika nusu gramu, aliandika: "Leo sisikii kitu kichwani. Ubarikiwe, dada." Fundi alifua koti lake huku anaimba.

Daktari aliipima mara tatu, akampa fundi mkono. Kofia haitakiwi kuzidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mnyama, alisema, ndiyo maana siku zote walitumia panya wakubwa tu. Hii hata mtoto wa siku kumi anaibeba.

"Tutaanza na hawa saba."

"Bado wananyonya, Daktari."

"Ndio umri tuliokuwa tunautaka."

Fundi alipomaliza kofia saba, mlishaji aliwatoa watoto mmoja mmoja, akawapanga kwenye kitambaa chenye joto. Kwenye kompyuta kukaandikwa: "Dada, wanapelekwa wapi?" Fundi akasema wanakwenda kupimwa.

"Ungeniachia ile nzito," panya akaandika.

Alasiri watoto walianza kuzinduka, kila aliyezinduka na mistari yake.

"Wanasemaje?" panya akaandika.

"Wanakuita."

"Wote?"

Fundi alihesabu.

"Sita."

Kesho yake Daktari aliagiza kofia ya robo gramu, ya watoto wa siku moja, na fundi akamjibu kwamba itachukua kama mwezi hivi.