Mwanamke wa Ahero

Nina miaka hamsini na minne, kitambi, miwani ya kusomea, na duka la spea za pikipiki karibu na soko la Kibuye. Mtu wa aina hiyo hatarajiwi kuinua gurudumu la mbele la pikipiki na kwenda nalo hewani. Ndiyo maana nilitaka jambo hilo liwe siri. Nasema mapema nisije nikaonekana namtupia mtu mwingine lawama: siri ilikuwa yangu mimi, Irungu, na Oketch aliitunza kwa sababu nilimwomba.

Oketch alikuwa mwendesha boda kwenye steji, kituo cha boda kilicho mbele ya duka langu. Hapa Kisumu, maiti ya mtu wa watu haitoki mochari kimya kimya. Waendesha boda huisindikiza mpaka nyumbani kwa honi na matawi ya miti, na mmoja wao hutangulia mbele ya gari la maiti akiwa juu ya gurudumu la nyuma peke yake. Wazee hunung'unika na akina mama hupiga mayowe, lakini ikikosekana fujo hiyo, wale wale ndio watakaouliza marehemu aliwakosea nini vijana. Aliyetangulia siku zote alikuwa Oketch.

Mimi nilikuwa nikimtazama kutoka nyuma ya kaunta. Mke wangu Magdalene alirudi Murang'a kumuuguza mama yake, akakaa, akazoea, nami sikumfuata. Hatukugombana. Tulichoka tu kupigiana simu. Binti yetu Wendy yuko Nairobi na hunikumbuka Krismasi. Siku sita za juma duka hunipa watu wa kubishana nao, na mimi kubisha napenda, lakini ya saba ilikuwa inanimaliza. Nyumbani kwangu Nyalenda, Jumapili mchana, majirani wakiwa wameenda kanisani na vyombo vyao vya muziki, nilikuwa nasikia kijiko changu kikigonga sahani. Nilikichukia kijiko kile mpaka nikaanza kula wali kwa mkono.

Shirika fulani lilipofunga ofisi zake liliuza pikipiki zake, nikanunua moja. Ni ndogo, ya injini ya cc mia moja ishirini na tano, lakini imesimama juu, ina matairi ya meno, na hupita lami na matope bila kuchagua. Niliwaambia watu ni ya kuwatembelea wateja wa mashambani. Uongo mtupu. Jioni moja nikifunga duka nilimwita Oketch pembeni, nikamwambia anifundishe kusimamisha pikipiki kwa gurudumu la nyuma.

Hakucheka. Hilo sijalisahau. Alinitazama juu mpaka chini kama fundi anayepima kazi, akauliza, "Mzee, mgongo iko sawa?"

"Iko sawa. Lakini usimwambie mtu. Mtu yeyote."

"Sawa, Baba Wendy. Mtu yeyote."

Kwa hiyo kila Jumapili, baada ya saa nne, tulikutana Ahero. Tuliingia kwenye njia za udongo zilizo kando ya mifereji, katikati ya mashamba ya mpunga, mahali ambapo mashahidi ni yangeyange na ng'ombe. Kule udongo ni mweusi, na ukilowa hung'ang'ania kiatu kama mkwe mwenye shida.

"Usiangalie tairi," Oketch alisema. "Angalia mahali unaenda. Gia ya pili. Vuta klachi kidogo, tia moto, achia. Lakini hii mguu ya kulia," akanigonga goti, "isitoke kwa breki ya nyuma. Hiyo breki ndiyo itakurudisha chini. Ukiisahau, utalala chali kama mende."

Mwezi wa kwanza nililala chali mara mbili na ubavu mara tisa. Oketch aliniinua, akanipangusa, akacheka hadi akakaa chini. Nami nilicheka, mimi ambaye wateja huniita Pilipili. Kufikia mwezi wa nne gurudumu lilikuwa linainuka na kukaa. Kuna mahali pikipiki hufika ikakosa uzito. Barabara haionekani tena, unaona anga tu na vidole vyako, na kwa sekunde tatu nne hukumbuki kwamba hakuna anayekungoja popote. Nilikuwa natoka Kisumu kufuata sekunde hizo. Uongo tena. Nilikuwa namfuata Oketch.

Mchana tulikula. Vibanda viko kwenye barabara kuu, na kwa kuwa wateja wangu hupita pale, mimi nilibaki huku mashambani nimejificha kama mwizi wa kuku. Oketch alienda peke yake na kurudi na sahani mbili za wali na samaki, moja kila mkono, akitembea polepole mchuzi usimwagike. Tulikula tumekaa ukingoni mwa mfereji. Alinisimulia kuhusu binti yake Becky anayependa hesabu, na mkewe Jentrix anayeshona sare za shule. Sikuwahi kufika kwao. Sikuwahi kujiuliza anawaambia nini kuhusu anakotoka akiwa na matope vile. Mwaka mmoja na miezi minne, na sikujiuliza.

Kisha akafa. Vidonda vya tumbo vilipasuka ndani, akazidiwa siku tatu. Habari niliipata kama mteja yeyote, kwenye tangazo lililobandikwa pale steji, picha yake amevaa tai ambayo nina hakika haikuwa yake. Nikarudi dukani nikauza plagi na cheni mpaka jioni. Ningemwambia nani? Nani angenipa pole kwa kufiwa na mtu wa kununua spea?

Ijumaa ya kumrudisha nyumbani nilifunga duka nikaenda mochari na pikipiki yangu. Absalom, mwenyekiti wa steji, alikuwa anapanga msafara. Waliofundishwa na Oketch watangulie, wawe wanapokezana kusimamisha mbele ya maiti, kwa sababu hivyo ndivyo mwanafunzi humuaga mwalimu. Aliwaita kwa majina, saba. Nilingoja la nane.

"Baba Wendy, asante sana kwa kuja," Absalom akaniambia. "Wewe kaa nyuma, karibu na lori ya viti."

Nikakaa nyuma, karibu na lori ya viti. Kisumu, Ahero, Katito, nikila vumbi na moshi wa wanafunzi saba wa rafiki yangu. Ningeweza kusema. Lakini ningeanzaje, mbele ya vijana mia wenye simu mikononi?

Kwao Oketch ni mbele ya Pap Onditi, boma lenye uwanja mpana wa malisho nje ya geti. Maiti ilipoingizwa na mayowe kupungua, Absalom alinishika bega.

"Baba Wendy, wewe ni mtu mzima, utatusaidia kushika geti. Kuna mwanamke wa Ahero. Mama Becky amesema asikanyage hapa."

"Mwanamke gani?"

"Ya Oketch! Kila Jumapili, omera, mwaka mzima na zaidi. Anarudi kwake viatu imejaa matope nyeusi. Dada ya Mama Becky alimuona Ahero na sahani mbili za mchele, anaingia nazo kwa mashamba. Sahani mbili! Akiulizwa, ananyamaza. Hata kukataa hakukataa."

Usimwambie mtu yeyote, nilimwambia. Sikuongeza 'isipokuwa mkeo'. Nilidhani mtu mwenye akili hujiongezea hilo mwenyewe, na Oketch hakujiongezea kitu. Alikaa nyumbani kwake akaitwa mzinzi, ili mimi nisichekwe na wanunuzi wa plagi.

"Absalom," nikasema, "huyo mwanamke ni mimi."

Akanipigapiga bega kwa huruma. "Lisemwalo lipo, Baba Wendy. Lakini ni vizuri kumfunika rafiki."

Nikaenda chini ya hema. Jentrix alikuwa amekaa kando ya jeneza, mwembamba, macho makavu, shangazi wamemzunguka. Nikachuchumaa, magoti yakalia, nikamweleza yote kwa sauti ya chini: Jumapili, mifereji, sahani, siri. Hakuinua uso.

"Wewe ni wa nne," akasema. "Wa kwanza aliniambia Oketch alikuwa anaenda maombi. Wa pili akasema alikuwa analima mpunga. Wanaume mnajua kusaidiana." Ndipo akanitazama, akaanzia miwani akaishia kitambini. "Sasa wewe unasema alikuwa anakufundisha kusimamisha nduthi. Wewe. Baba Wendy, heshimu maiti."

Shangazi mmoja aliguna. Nikasimama. Nimebishana na watu maisha yangu yote, na hapo nikajua maneno hayatanisaidia. Angemzika mumewe kesho akiwa amemkasirikia, na angebaki hivyo mpaka naye azikwe.

Huko uwanjani vijana walikuwa wakizunguka na pikipiki kumpa marehemu heshima, pua hewani, vumbi tele. Nikawasha yangu. Mmoja akaniambia, "Mzee, toka kwa njia, utaumia." Nikaenda mpaka mwisho wa uwanja, nikageuka kuelekea geti, ambalo limetazamana na hema. Wakati wowote mwingine ningeona aibu. Gia ya pili. Nikakaa nyuma, nikavuta klachi kidogo, nikatia moto, nikaachia.

Gurudumu lilipanda. Nikasikia kicheko kikubwa, kisha kicheko kikakatika. Nilipita ng'ombe waliofungwa, nikapita lori ya viti, na geti likaja kuwa kubwa, na mguu wa kulia ukagusa breki wenyewe bila mimi kuuamuru. Gurudumu likashuka taratibu hatua chache nje ya geti. Sijawahi kwenda mbali vile. Hata alipokuwepo sikuwahi.

"Angalieni kiwiko!" Absalom alikuwa anakimbia, anapiga kelele. "Angalieni kiwiko yake! Hiyo ni mkono ya Oketch!"

Nikaangalia. Kiwiko changu cha kushoto kilikuwa bado kimeinuka pembeni kama bawa la kuku. Oketch aliwahi kuvunjika mkono ule ukaungwa vibaya, na alipoendesha ulikaa hivyo hivyo. Wale saba nao, sasa niliona, walikaa hivyo. Mimi sikujua kwamba nimeuchukua. Watu walianza kunishika mikono, mmoja akaniita mwalimu, simu kumi zikaelekezwa usoni pangu, na nikatamani wote waondoke.

Waliondoka njiani wenyewe, kwa sababu Jentrix alikuwa anakuja. Alitembea peku, leso imemteleza begani. Akasimama mbele ya pikipiki akaiangalia matairi, matope meusi yaliyokaukia kwenye meno.

"Mlikuwa mnakula nini?" akauliza.

"Wali na samaki."

"Alikuwa anacheka?"

Ningeweza kudanganya. "Sana," nikasema. "Alikuwa ananicheka mimi."

Akatikisa kichwa polepole. Nilikuwa nangoja ashukuru. Nakiri hivyo. Nilidhani nimemletea zawadi.

"Kwangu hakucheka," akasema. "Jumapili nilikuwa simuongeleshi. Chakula nampea Becky ampelekee. Ile Jumapili alianza kuumwa nilimuona amejikunja kwa kiti, amenyamaza. Nikasema moyoni, wacha anyamaze, huko kwa mwanamke wake amechoshwa. Jumatatu akanyamaza. Jumanne pia. Angeniambia vipi anaumwa na mimi nimemfungia mdomo? Alipelekwa hospitali Jumatano, na majirani."

"Mama Becky, sikujua..."

"Mimi pia sikujua." Sasa macho yake yalikuwa yamejaa. "Nimekaa hapa siku mbili nikimngoja huyo mwanamke. Nilikuwa na maneno yake tayari. Heri angekuja. Huyo ningemtukana, ningemfukuza, nilale. Wewe nitakufanya nini?"

Akaivuta leso yake begani, akageuka, akarudi chini ya hema. Safari hii hakukaa kando ya jeneza. Aliliinamia, akaanza kuzungumza nalo kwa Kijaluo, haraka haraka, kama mtu aliyechelewa, na shangazi wakasogea nyuma kumwachia nafasi. Nilisimama nje ya geti nimeshika pikipiki. Mambo aliyokuwa akimwambia sikuyaelewa, na hayakuwa yangu.